Mume Ambaye Hajazaliwa

Mpwa wangu wa Morogoro alinikabidhi kitabu cha kwanza cha "Outlander", kazi ya Bibi Diana Gabaldon wa Marekani, kilichotoka mwaka 1991. Kufikia 2021 vilikuwa tisa. Claire, muuguzi mwenye mume, apita baina ya mawe huko Uskochi, ajikute mwaka 1743. Ili kumwepa kapteni wa Kiingereza aolewa na kijana Jamie.

Kuruka karne si kosa. Watu wa Pango, waliotajwa katika Suratul Kahf, walilala zaidi ya miaka 300 wakaamka na imani yao ile ile. Kinachonitia shaka ni hoja inayonong'onwa humu: mume wa kwanza hajazaliwa, basi ndoa haipo. Lakini, kwa insafu, mwandishi hakumvua Claire pete ya kwanza. Anavaa zote mbili, na hapo ndipo kitabu kinaposema kweli kuliko katika kurasa zake zote za mahaba (ambazo, wallahi, ni nyingi mno).

Nikamwuliza mpwa wangu: ukiangukia hapa chini ya Uluguru mwaka 1871, Simbamwene binti Kisabengo akitawala na misafara ya watumwa ikipita kuelekea pwani, utatafuta mchumba?

"Nitatafuta njia ya kurudi, mjomba."

Claire naye aliitafuta. Jamie alipomfikisha kwenye mawe, akachagua kubaki.