Kisa Ndicho Kinacholiza: Namna ya Kupima Utenzi

Msimu wa mahafali ukifika, shule za Bonde la Msangano hazikosi shairi. Mwanafunzi anasimama mbele ya wazazi, anatoa beti zake kwa sauti iliyofanyiwa mazoezi, wazazi wanapiga makofi, na shangazi mmoja anainuka kwenda kumtuza. Yote hayo ni haki ya mtoto. Lakini mwalimu aliyemfundisha, na mzee aliyezoea kusikiliza hadithi tangu utotoni, hubaki na swali lao: shairi lenyewe lilikuwa zuri?

Swali hilo linafaa kuulizwa Msangano, kata ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, ambako watoto wengi huanza na Kinyamwanga nyumbani na kukutana na Kiswahili cha vitabu darasani. Utenzi, yaani shairi refu lenye kusimulia kisa, ulikomaa mbali sana na hapo, katika miji ya Pate na Lamu. Hata hivyo bara ina haki nao. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, aliutumia utenzi kusimulia Injili nzima, na ndiye aliyeipa Tanzania ngonjera ambazo wanafunzi wa Msangano huzikariri leo. Asiyezaliwa pwani hana sababu ya kuona aibu kuuhukumu utenzi.

Umbo lipimwe kwanza, wala halichukui muda. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo hukubaliana vina, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho wa kisa. Sikio likizoea, mizani iliyopungua hujitangaza yenyewe. Mtunzi anaruhusiwa kufupisha neno au kulirefusha. Inkisari na mazida ni mali yake halali. Asiyeruhusiwa ni yule anayejaza nafasi. Ukisikia “kwa hakika”, “nawaambia” na “sikilizeni” zikirudi kila baada ya beti mbili, ujue kisa kimemwishia mtunzi na sasa anahesabu mizani tu.

Kazi kubwa ni kupima hisia. Hapo ndipo waamuzi wengi hukosea, kwa kudhani kwamba shairi lenye maneno mengi ya huzuni ndilo lenye huzuni nyingi. Chukua ubeti kama huu, uliotungwa kwa ajili ya ukurasa huu, juu ya mama ambaye mwanawe amekwenda kuvuka Mto Momba wakati wa masika:

Nina huzuni moyoni,
machozi tele machoni,
kwa majonzi ya rohoni,
nalia nikiumia.

Mizani imetimia, vina vimetimia, na msikilizaji hajaguswa popote. Huzuni, machozi, majonzi na kilio vimetajwa vyote, ila mama mwenyewe hayupo. Sasa mama yule yule, usiku ule ule:

Ugali kaufunika,
usiku ukakatika,
jogoo naye kawika,
mlango haujalia.

Hapa hakuna aliyesema kwamba mama ana huzuni. Kuna sahani iliyofunikwa, kuna usiku uliopita, kuna mlango. Msikilizaji analazimika kukaa na mama jikoni na kukisia mwenyewe kilichotokea mtoni, na akishakisia hawezi kujizuia. Kipimo cha kwanza basi ni hiki: toa kila neno linalotaja hisia, kisha usome tena. Kama ubeti bado unauma, ni mzuri. Kama umebaki mtupu, ulikuwa unaombaomba machozi.

Malenga wa zamani waliujua ufundi huo vizuri. Mfano bora zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kifo cha Fumo Liyongo, kisa ambacho Muhammad Kijuma wa Lamu alikiandika kwa utenzi mwaka 1913. Liyongo ni shujaa asiyedhurika kwa silaha ya kawaida. Kinachomuua ni sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Mfalme anamrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe, naye anamchoma baba yake usingizini. Mtunzi dhaifu angekomea hapo, akamwaga beti ishirini za kilio. Kisa hakikomei hapo. Liyongo anaamka, anachukua upinde na mishale, anakwenda karibu na kisima na kupiga goti, mshale tayari kuachiwa, na anakufa katika hali hiyo.

Watu wanamwona na wanadhani yu hai. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Siku zinapita, mji unashikwa na kiu, na wazee wanamwendea mama yake wamwombe akamtulize mwanawe. Mama anakwenda, anamsihi, hajibiwi. Anadhani mwanawe amekasirika. Mpaka mwili unapoanguka ndipo ukweli unajulikana.

Tazama kilichofanyika. Msikilizaji anajua kwamba Liyongo amekufa, mama hajui, na kila neno tamu analomwambia mwanawe linazidi kutuumiza sisi tunaosikia. Ukubwa wa shujaa nao hausifiwi kwa maneno. Unapimwa kwa ndoo tupu za mji mzima. Kipimo cha pili kinatoka hapo: nani anajua nini, na anakijua lini? Utenzi unaotoa habari zake zote mwanzoni, au unaozificha zote hadi mwisho, hupoteza nguvu hiyo.

Huko Scotland watu walifika mahali hapo hapo kwa njia yao. Wimbo wao wa kale wa Sir Patrick Spens unasimulia meli iliyozama na mabwana wakubwa ndani yake. Kuzama kwenyewe hakusimuliwi kwa urefu. Tunaonyeshwa kofia zao zikielea, kisha wake zao wameketi na vipepeo mkononi wakingoja. Bahari ni nyingine na lugha ni nyingine, lakini mtunzi ameamini kitu kimoja kinachoonekana kuliko maelezo kumi.

Kitu hicho kinachoonekana hufaa hata pale pasipo vita wala shujaa. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anaanza kwa kumwita binti yake aje na wino na karatasi. Mawaidha yanayofuata ni marefu, na baadhi ya wasomaji wa leo hugombana nayo. Lakini wino na karatasi vinatuambia mapema kwamba mama huyu anahesabu siku zake, na ndiyo maana hata shauri la kawaida kabisa linasikika kama wosia.

Tenzi za vita zinataka kipimo kingine. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alisimulia Wajerumani walivyoutwaa Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akasimulia Maji Maji. Henry Muhanika akachapisha utenzi wa Vita vya Kagera mwaka 1981. Katika kazi za namna hii majina ya watu na mahali hujaa, na msomaji anaweza kuchoka. Asichoke upesi. Aulize kama jina lina kazi: je, mtu huyu anasema jambo, anakimbia, anasaliti, anakufa? Mazungumzo ndiyo dalili nzuri kuliko zote. Pale wahusika wanapojibizana ndani ya mizani nane bila kupoteza sauti zao, mtunzi ni fundi. Pale wote wanapoongea kama yeye, tuna taarifa ya habari yenye vina.

Kwa mtunzi wa Msangano, malighafi ipo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Tunduma kuelekea Zambia. Wapo wazee wanaokumbuka mkoa ulivyokuwa kabla haijaja. Mpaka wa Tunduma na Nakonde umewagawa Wanyamwanga katika nchi mbili, na ndugu wa upande huu huzika ndugu wa upande ule. Anayetaka kutunga juu ya hayo asianze na sifa za nchi. Aanze na mzee mmoja, siku moja, na kitu kimoja mkononi mwake.

Na mwalimu anayetafuta pa kuanzia na wanafunzi wake atafute Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichohaririwa na Mugyabuso Mulokozi, chenye Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwana Kupona kwa pamoja. Awasomee kwa sauti sehemu ya kisimani, bila kueleza chochote kwanza, kisha awaulize ni wapi walianza kumhurumia mama.