Nidhamu na Uasi katika Tawasifu ya Waruhiu Itote

Wahakiki wengi wa fasihi ya Mau Mau huichukulia Vita Kuu ya Pili kuwa shule iliyomfunza Mwafrika kuasi. Rai hiyo ina ukweli, lakini inakwepa swali gumu: mwasi huyo alitoka na nini jeshini?

Itote, mzaliwa wa Nyeri, alijiunga na King's African Rifles mwaka 1942, akapelekwa Burma. Katika jeshi hilo askari Mwafrika aliweza kuchapwa viboko kisheria, ilhali Uingereza ilikuwa imewafutia askari wake adhabu hiyo mwaka 1881. Nidhamu ilikuwa na rangi. Katika tawasifu yake, "Mau Mau" General (1967), askari Mwingereza anamuuliza nchi yake itafaidi nini akifa huko. Swali hilo ndilo kitovu cha kitabu.

Hata hivyo, msimulizi haitupi nidhamu ya jeshi. Akiwa Jenerali China katika misitu ya Mlima Kenya, ambao miteremko yake inashuka hadi Meru na Embu, anawapanga wapiganaji kwa vyeo na amri. Kumwita mwigaji ni kumwonea: anachokikataa si utii, bali utii usio na faida kwa mtiifu.

Lakini sauti tunayoisikia ni ya jenerali. Askari wa kawaida wa Meru au Embu, aliyeadhibiwa kisha akarudi shambani bila cheo, hasemi humu. Uhakiki unaoridhika na tawasifu za viongozi unamwadhibu mara ya pili.