Visima vya Isaka na foleni ya bomba

Mwanzo 26 tunaipenda sana makanisani hapa Nyarugusu, na si ajabu. Isaka amekimbia njaa, anaishi Gerari kwenye nchi ya watu, anafanikiwa, wenyeji wanamwonea wivu, anaambiwa ahame. Nani kati yetu hajioni humo? Wachungaji wa Gerari wanagombania kisima chake, anawaachia, anachimba kingine. Cha pili, vilevile. Cha tatu hakina ugomvi, anakiita Rehobothi, yaani nafasi. Mahubiri huishia hapo: Mkristo aachilie, Mungu atampa nafasi.

Nami nimefundisha hivyohivyo. Mama mmoja jirani yangu alisogezewa madumu yake nyuma ya foleni ya bomba siku tatu mfululizo. Nikamwambia, "Mama, achilia tu kama Isaka." Akanijibu, "Baba mwalimu, Isaka alikuwa na bonde zima la kuchimba. Mimi nina bomba moja. Niondoke niende wapi?"

Nikarudi kusoma. Nilichokuwa nimekiruka ni majina. Kisima cha kwanza Isaka alikiita Eseki, ugomvi. Cha pili Sitna, uadui. Aliondoka, ndiyo, lakini kosa aliliacha na jina lake. Halafu Abimeleki anapomfuata Beer-sheba kutaka agano, Isaka anamwuliza waziwazi: mlinichukia mkanifukuza, sasa mnakuja kwangu kwa nini? Baada ya swali hilo ndo anawaandalia karamu. Asubuhi wanaapiana, wanaagana kwa amani.

Kwa hiyo kasoro ya mahubiri yetu si kusifu upole. Ni kuikata sura katikati, tukamwachia aliyeonewa mzigo wote wa amani. Ukiisoma mpaka mwisho, inakaa vizuri na Mathayo 18, ambapo Yesu anamtuma aliyekosewa aende kwa mwenzake, wawili tu, amwambie kosa lake. Asiposikia, achukue mtu mmoja au wawili.

Nilimwomba yule mama msamaha. Kwanza alienda peke yake, hakusikilizwa. Mara ya pili akanichukua mimi. Karamu haikuwepo, ilikuwepo chai ya rangi. Mwenzake alikana, akanyamaza, akazungusha kikombe chake. Mwishowe akauliza, "Dada, kesho unaenda bombani saa ngapi? Nikutunzie nafasi."