Oili Chafu Kwenye Tundu la Ufunguo

Mlikuwapo pale chini ya mwarobaini, kwa hiyo sitasimulia upya. Corolla 110, mlango wa dereva, ufunguo unaingia lakini haugeuki mpaka uubembeleze. Fundi akaitisha chupa, akaitega kwenye tundu la ufunguo, akamimina oili chafu. Kazi iliharibikia hapo. Kava la mlango alilitoa bila kuvunja klipu hata moja na komeo akalipaka grisi inavyotakiwa. Sawa, hongera yake.

Turudi kwenye chupa. Ndani ya silinda kuna vibati vyembamba, kila kimoja na springi yake ndogo. Meno ya ufunguo yakivipanga vyote sawasawa, silinda inazunguka. Kimoja tu kikichelewa kukaa mahali pake, imegoma. Springi zile hazina nguvu ya kusukuma uji, na oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini ni nusu uji tayari: ina masizi, ina chembe za chuma. Iongezee vumbi la barabara yetu ya kokoto uone inakuwa nini. Ufunguo uligeuka palepale, nanyi mkapiga makofi. Ungeacha kugeuka kwa nini? Hata maji ya kunawia yangeugeuza siku ile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alimimina kabla ya kupima, na kipimo chenyewe hakimalizi dakika mbili. Mlango ukiwa wazi, bonyeza kitufe cha ndani. Kikiwa kizito nacho, shida iko kwenye komeo au fito zake, silinda haina kosa. Kikiwa chepesi, peleka ufunguo uleule mlango wa abiria. Ukigeuka vizuri huko, mgonjwa ni silinda ya dereva. Ukikwama kote kuwili, utazame ufunguo wenyewe.

Na ule ufunguo mliuona? Nakala ya nakala, meno yamelika kama kipande cha sabuni cha mwisho bafuni. Nimeshalalamika humu mpaka mhariri amechoka: nakala huchongwa kutoka kwenye ufunguo wa awali, au kwa namba iliyo kwenye kile kibati kilichokuja na gari, kama hamjakitupa. Kila nakala hurithi ulemavu wa mama yake na kuongeza wake. Halafu kuna ugonjwa wa rimoti. Mtu anafungua gari kwa kubonyeza miaka sita, tundu la ufunguo linakula vumbi na mvua, betri ikifa ndipo anakumbuka kwamba mlango una kitasa.

Yule aliyepaza sauti kutoka kwenye benchi kwamba angepuliza WD-40 naye asijione mshindi. Dawa ile ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na herufi zake mbili za mwanzo zinasema hivyo. Kuoshea uchafu, sina neno. Ila sehemu yake kubwa huyeyuka hewani, na anayeitegemea kama kilainishi cha kudumu atarudi gereji.

Mzee aliyekuwa akitutengenezea Peugeot 504 hakuwa na chupa wala kopo. Alikuwa na penseli sikioni, kama seremala. Aliupaka ufunguo unga wa penseli pande zote mbili, akauingiza, akaugeuza polepole, akautoa, akaufuta kwa kitambaa, akarudia mara nne au tano. Grafaiti ni kavu, vumbi halipati pa kunata. Kitambaa kilekile alikipitisha nyuma ya mpini wa kushushia kioo, akakivuta huku na huku mpaka klipu ikaruka. Bisibisi haikugusa kava. Vijana wa leo wanachokonoa tu.

Kwa Corolla ile penseli imeshachelewa, maana grafaiti juu ya oili ni tope juu ya tope. Sasa silinda itolewe mlangoni, ioshwe kwa kisafishio cha kabureta, ikauke kabisa, vibati vikaguliwe kimoja kimoja, ndipo unga uingie. Kazi ya nusu siku, badala ya robo saa.

Jana nimeliona gari lenyewe sokoni. Mwenyewe aliingilia mlango wa abiria, akaruka gia na kapu la nyanya mkononi.