Kabla ya Kuwasha Moto

Katika ufuo wa Asembo Bay, pombe hupangwa kwa mwezi. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza na taa zao ili kuwavuta samaki hao wadogo, na mbalamwezi ikishatanda hawana kazi, maana taa ya mvuvi haiwezi kushindana na mwezi. Siku hizo wanaume huwa nchi kavu, wana pesa kidogo mfukoni na usiku mrefu mbele yao. Basi mama anayepika pombe huanza kuhesabu kurudi nyuma: siku ya kunywa, siku mbili tatu za kuchacha, siku ya kukaanga, siku za kuuvundika unga, na kabla ya hayo yote kimea kiwe kimeshaota, kimekauka na kusagwa. Ukijumlisha, unakaribia wiki mbili. Akianza kesho, anawapikia watu ambao leo hawajui kama watakuwa na kiu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huenda ndiyo sababu wapika pombe wetu hawajapata kusifiwa hata kidogo. Mimi nitajaribu, ila sifa zangu haziendi kwenye ladha wala povu. Ladha huja mwishoni, na kila mlevi ni hodari wa kuihukumu. Ninachokistahi ni ule uamuzi wa awali, wakati chungu bado ni kikavu na mtu ameketi mlangoni akiwaza: safari hii nipike nini?

Niliwahi kumuuliza ajuza mmoja wa kwetu, aliyesomesha watoto kwa kazi hii, swali hilohilo. "Dani, ijayo utapika ipi?" Hakutaja mtama wala mahindi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa atavaa nguo gani bila kuambiwa anakwenda wapi, akasema, "Nani anakuja?"

Swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Wakija watu wa saga, yaani majirani walioitwa kulima shamba la mtu na kulipwa kwa chakula na kinywaji, inatakiwa pombe nyepesi na nzito kwa pamoja: nyepesi kichwani, nzito tumboni, ili jembe lisidondoke kabla ya adhuhuri. Wakija wazee, mambo ni mengine. Wao waliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na oseke wake, mrija mrefu wenye kichujio kidogo kilichosukwa nchani, na maji ya moto yakiongezwa kadiri chungu kinavyopungua. Pombe ya namna hiyo haichujwi, mrija ndio unaochuja, kwa hiyo mpishi anaweza kuacha machicha yote ndani yakiendelea kutoa utamu. Penye msiba hesabu hubadilika tena, kwa sababu idadi ya wageni haijulikani na hakuna aliyepewa wiki mbili za kujiandaa. Anayeweza kupika kwa ghafla namna hiyo ni yule tu mwenye kimea ndani.

Kimea chenyewe, ambacho Wajaluo wanakiita thowi, huanza na wimbi. Hulowekwa usiku kucha, kisha maji humwagwa na punje kutandazwa juu ya gunia safi, zikafunikwa gunia jingine na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Siku ya pili ukifunua unaona kila punje imetoa kijidole cheupe. Siku ya tatu vijidole vimeshikana, na ukiinua pembe moja tandiko zima linanyanyuka kwa pamoja, likiwa na joto lake lenyewe ndani hata kama kumepambazuka kwa baridi. Ukichelewa siku moja zaidi, mche umekula utamu uliokuwa unautaka wewe. Basi siku hiyo ya tatu kimea huanikwa juani, mbali na omena kadiri inavyowezekana (ufuoni kwetu kila kilicho juani hunuka omena), husuguliwa kwa viganja hadi mizizi idondoke, hupepetwa na kusagwa. Unga wake ni wa rangi ya udongo. Ukiuonja mkavu, utamu ni kidogo tu, karibu na utamu wa njugu mbichi.

Nguvu yake haimo katika utamu huo. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga uwe sukari, kwa ajili ya kulisha mche. Mpishi huukatiza mche katikati ya safari na kuchukua vimeng'enya vile. Wimbi linavyo kwa wingi kuliko mahindi. Mtama nao unaweza kuota, lakini ule mwekundu, ambao wakulima wa kando ya ziwa huupenda kwa vile ndege hawaushambulii sana, una tanini zinazovifunga vimeng'enya visifanye kazi. Tena machipukizi ya mtama yana sumu, sharti yaondolewe vizuri. Ndiyo maana katika pombe zetu nyingi mahindi au mtama huleta wingi, na wimbi huleta uwezo. Unga wa mahindi unavundikwa siku kadhaa hadi uchachuke, unakaangwa juu ya bati hadi uwe chenga za kahawia zenye harufu ya mkate uliokolea moto, ndipo unakutanishwa na maji na thowi. Waluhya, jirani zetu, wanaiita busaa, na sehemu kubwa ya Kenya imefuata jina hilo.

Kimea kikavu kinakaa miezi. Hapo ndipo ninapouona werevu wa kazi hii. Gunia la thowi darini ni pombe ambayo bado haijaamuliwa. Sehemu ngumu, ile ya kuotesha na kungoja jua, imekwisha, ila mlango wa uamuzi umeachwa wazi: kesho linaweza kuwa la wazee, la saga, la arusi, au uji wa mtoto mgonjwa. Huo wa mwisho si utani. Katika miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania ilihimiza unga wa kimea utiwe kwenye uji wa watoto, kwa kuwa kijiko kimoja tu huulainisha uji mzito, mtoto akapata chakula kingi katika tumbo dogo. Mama mpika pombe hakuhitaji kufundishwa hilo.

Wasomi nao walifika. Michael Dietler na Ingrid Herbich waliishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wajaluo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakafuata vyungu na pombe kutoka kwa mfinyanzi hadi kwenye karamu, na mwaka 2006 wakachapisha makala kuhusu jinsi pombe inavyofungamana na vyombo, kazi na heshima. Serikali ilifika na macho tofauti. Sheria ya 1980 ya kupiga marufuku chang'aa, pombe ya kukenekwa, iliwaweka wapishi wa kila namna katika kivuli kimoja, hata wale ambao hawakuwahi kukeneka chochote, na waliolipa karo kwa pombe walijifunza kupika huku sikio liko barabarani. Sheria ya 2010, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Mututho, iliiondoa ile ya kwanza na kuziweka pombe za kienyeji chini ya leseni. Kabla ya hapo, mwaka 2004, kampuni kubwa ya bia nchini ilikuwa imekwisha kutoa Senator Keg, bia ya bei ya chini ambayo baadaye ilitegemea mtama. Serikali ilipopunguza nafuu ya ushuru mwaka 2013 mauzo yaliporomoka na wakulima wakabaki na mtama wao, nafuu ikarudi, na mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kikaanza tena kazi kwa ajili ya bia hiyo. Mimi sina ugomvi na Senator. Lakini ni pombe isiyouliza nani anakuja.

Sasa nije kwenye kimea cha kopo. Binamu yangu yuko Minneapolis, na huko kupika bia nyumbani kwa matumizi yako ni halali tangu sheria aliyotia saini Rais Carter mwaka 1978. Hutumia rojo la kimea: watengenezaji huotesha shayiri, huikanda katika maji ya moto hadi wanga wote ugeuke sukari, huchuja, kisha hupunguza maji katika chombo kilichoondolewa hewa ili lichemke bila kuungua. Kinachobaki ni kitu kizito cha rangi ya asali, kinachomiminika polepole kutoka kwenye kopo. Wakati pombe ilipokuwa marufuku Marekani, kuanzia 1920 hadi 1933, viwanda vya bia viliuza rojo hilo madukani eti kwa ajili ya kuokea mikate, na hakuna aliyeshangaa kwa nini watu wameanza kuoka kwa bidii namna ile.

Desemba binamu anakuja nyumbani, ataleta kopo moja, na ameuliza lile swali: ijayo tupike ipi?

Wapo wanaodharau kopo. Wanasema aliyelifungua hajapika, amekoroga tu. Nadhani wamekosea mahali pa kutafuta ufundi. Kopo ni gunia la thowi lililokwenda mbele hatua moja. Limekupunguzia kazi ya mikono na kukuachia kazi ya kuchagua. Kilo tatu za rojo katika lita 20 hutoa bia ya asilimia nne na kitu, hilo limeandikwa kwenye karatasi. Ambacho hakijaandikwa ni utakuwa wapi, msimu gani, na nani ameketi nawe.

Asembo katika Desemba ni joto. Mchana hupita nyuzi 28 bila kujitahidi, kwa hiyo lager, inayotaka kuchacha kwenye nyuzi 10 hadi 12 na kisha kulala baridini wiki kadhaa, tuiache kwa wenye majokofu. Bia nyingi za mtindo wa Kiingereza nazo hutaka nyuzi 20 hivi. Zikipata joto letu hutoa ladha kali. Zinazobaki ni zile zilizozaliwa mashambani. Ubelgiji wana saison, bia kavu ya wakulima wa Wallonia, ambayo chachu yake hufurahia joto. Magharibi mwa Norwei wana kveik, chachu iliyorithishwa katika familia za wakulima, ikikaushwa na kutunzwa hadi sherehe nyingine. Hufanya kazi kwenye nyuzi 30 hadi 40 na mara nyingi humaliza ndani ya siku chache tu. Nilipoyasoma hayo niliona watu tunaofanana nao zaidi kuliko nilivyotarajia: nao walihifadhi kikavu, na nao walipika kwa ajili ya siku iliyokuwa inajulikana.

Maji si tatizo. Ya ziwani ni laini, yana madini machache, yakichemshwa vizuri yanafaa. Na rojo huja na madini ya maji ya kiwanda kilicholitengeneza, kwa hiyo hakuna la kuongeza. Rangi ndiyo ya kuangaliwa. Rojo likichemka muda mrefu hukolea na kuwa na ladha ya sukari guru, hivyo nusu yake huingia mwanzoni na nusu dakika 15 kabla ya kuepua, moto ukiwa umezimwa kwa muda lisishike chini.

Upungufu mkubwa wa kopo ni mwingine. Lina sukari, lakini vimeng'enya vingi vimeshakufa kwa moto wa kiwandani. Ukilichanganya na uji wa mtama ukitumaini utageuka kuwa pombe, utapata uji wenye bia. Na pombe isiyo na mtama ndani, ukaiite ya Asembo, mbele ya wazee, ni kutafuta maneno. Hapo thowi inarudi jikoni.

Uji wa mtama unapikwa mzito kiasi cha mwiko kusimama. Unaachwa upoe hadi kidole kiweze kuingia na kutoka upesi, basi. Unatia unga wa kimea, unakoroga. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Halafu mwiko unaanza kuwa mwepesi mkononi, kama kuna mtu chini ya sufuria ameachia kamba. Uji unalegea, unang'aa, unateremka kutoka kwenye mwiko kama maji, na hujaongeza hata tone. Ukionja baada ya saa moja, ni mtamu. Watoto wakiona hivyo hurudia kuomba waonyeshwe, na sijamwona mtu mzima anayejifanya hajali.

Kwa hiyo nimemwandikia binamu hivi. Kopo la kilo moja u nusu, unga wa mtama mweupe kilo moja u nusu, thowi nusu kilo, lita 20. Aje na kveik iliyokaushwa, haichukui nafasi kwenye mkoba. Tutakaanga kiganja kimoja cha unga uliovundikwa na kuuloweka humo, ili wazee wapate ile harufu ya bati wanayoijua. Wanaokuja ni ndugu kutoka Nairobi na Mombasa, shangazi wawili wasiokunywa ila huonja, na vijana ambao watataka iwe baridi. Samaki atakuwa ngege wa kukaanga, na uchachu kidogo hukata mafuta vizuri, hivyo pombe isikae siku nyingi ikachachuka mno.

Tumebishana jambo moja tu, hopsi, maua yanayotia bia uchungu. Yeye anataka gramu 50, kama walivyozoea kule. Nimemkubalia 15. Shangazi hawajazoea uchungu, na anayeutaka zaidi, Kisumu Tusker haijakwisha.