Nyufa za Wanyama wa Meissen

Wanyama wakubwa wa kaure waliofinyangwa na Kirchner na Kändler kiwandani Meissen, Ujerumani, katika miaka ya 1730, kwa ajili ya jumba la Mfalme Augustus mjini Dresden, hulaumiwa kwa nyufa zao. Lawama hiyo haina haki. Kaure hunywea motoni, na umbo nene halinywei sawasawa, ndipo hupasuka. Baadhi yao walipakwa rangi ya mafuta pasipo kuchomwa tena, kwa kuwa kuwarudisha jokoni kungaliwahatarisha, nayo imebanduka. Mwandishi aiitaye glezi “rangi” huificha tofauti hii, maana glezi ni kioo kilichoyeyuka kikashikamana na udongo. Azihukumuye sanamu hizi yampasa apime kwanza uwezo wa joko, ndipo aulaumu mkono wa fundi.