Milingoti Mitatu

Picha ni ya bandari ya Zanzibar. Nyuma linaonekana jumba la Beit al-Ajaib na mnara wake wa saa. Mbele, majini, imesimama milingoti mitatu ya meli iliyozama. Nakala niliyoipata ilikuwa na maelezo ya mstari mmoja: manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa na Wajerumani, 1914.

Niliyaamini. Nikaiweka picha hiyo katika wasilisho langu la semina ya umahiri, nikaisoma kwa madaha: milingoti kama misalaba, bahari tulivu, dola kubwa iliyopigwa ikiwa imelala nanga. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja aliyekulia Unguja aliuliza swali moja tu: "Pegasus ilikuwa na milingoti mingapi?"

Ilikuwa na miwili, pamoja na dohani mbili za moshi. Sikuwa nimehesabu.

Sisi wanafunzi wa fasihi huwadharau kidogo watu wanaotambua meli katika picha za zamani. Tunawaona kama wakusanyaji wa stempu: wao wanahesabu dohani, sisi tunatafuta maana. Lakini kazi yao ni usomaji wa makini. Wanaanza na umbo la meli, kisha wanauliza ni kitu gani kingine ndani ya picha kinachoweza kuthibitisha au kukanusha jibu lao. Wanajua kwamba alama moja haitoshi. Oktoba 1914, manowari ya Kijerumani Emden, yenye dohani tatu, ilisimamisha ya nne ya bandia ili ifanane na meli ya Kiingereza, ikaingia Penang na kushambulia.

Kwa hiyo nilirudi kwenye picha yangu na kuisoma upya. Milingoti mitatu inaiondoa Pegasus. Meli ya milingoti mitatu iliyozama mbele ya jumba lile inajulikana: Glasgow, meli ya mvuke na tanga iliyojengwa Scotland mwaka 1878 kwa ajili ya Sultani Barghash. Ushahidi wa pili uko nchi kavu. Mnara wa saa ulioungana na Beit al-Ajaib ulijengwa 1897, baada ya ule wa zamani, uliosimama peke yake mbele ya jumba, kuharibiwa kwa mizinga. Mabaki ya Glasgow nayo yaliondolewa 1912. Picha yenye vyote viwili, mnara na milingoti, lazima iwe ya kati ya miaka hiyo. Vita vya 1914 vilikuwa bado.

Mtu anaweza kusema: basi badilisha jina la meli, uendelee. Haiwezekani, kwa sababu jina likibadilika, waliokufa nao wanabadilika.

Pegasus ilipigwa na Königsberg alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa imetia nanga ikitengenezwa. Waliokufa ni mabaharia wa Kiingereza, na makaburi yao yapo kwenye kisiwa kidogo mbele ya mji. Glasgow ilizamishwa na Waingereza wenyewe tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Khalid bin Barghash kukaa kwenye kiti cha usultani bila idhini yao. Muda waliompa uliisha saa tatu asubuhi. Haikupita saa moja, yakaisha. Upande wa Khalid takriban watu 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Mstari mmoja wa maelezo ulikuwa umemfanya mpigaji kuwa mpigwa. Nami niliubeba mbele za watu, nikauongezea misalaba. Mabaharia wale wanastahili kuombolezwa, ila si kwa picha ya maiti wa wengine.

Usomaji wa pili pia umenipa picha kubwa kuliko ile niliyoipoteza. Niliyoipoteza ilikuwa ya siku moja ya vita. Hii ni ya miaka mingi ya baadaye: mji unaendelea na shughuli zake, jumba limekarabatiwa, saa mpya inahesabu muda, na mbele ya vyote hivyo milingoti ya meli ya Sultani imeachwa majini. Kwa miaka kumi na sita, kila aliyeingia bandarini kwa jahazi au meli aliipita. Ilikuwa onyo, hata kama hakuna aliyeliandika.

Mnara ule wa saa uliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo atakayetaka kuitambua picha hii baadaye atahitaji maelezo yanayoaminika. Kwenye nakala yangu nimeyafuta ya zamani na kuandika haya: "Mabaki ya Glasgow, meli ya Sultani wa Zanzibar, iliyozamishwa na manowari za Kiingereza, 27 Agosti 1896. Picha ilipigwa kati ya 1897 na 1912. Hesabu milingoti."